Kizuri Hakijiuzi: Kujibizana na Njia ya Kupata Wasomaji



Kuna hoja moja inayorudi kila tunapozungumzia vitabu vyetu, na juzi imerudi tena. Mwenzetu mmoja, mtunzi mzuri (na sisemi hivi kwa kumpaka mafuta), amelalamika kwamba ametoa diwani, nakala zimekaa kwenye maboksi nyumbani kwake, na hakuna aliyeandika hata ukurasa mmoja kuihusu. Wengine wakamshauri ajitokeze, naye aandike juu ya kazi za wenziwe, aulize, abishe, ajibu, ili watu wamjue. Akawajibu kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Yeye, ati, si machinga wa kuzunguka milango ya watu.

Namheshimu sana, lakini hapa nampinga. Methali ile ni ya sokoni. Embe likiwa sokoni macho yanaliona na pua inalinusa, basi halihitaji mnadi. Shairi halina harufu. Diwani iliyofungiwa boksini katika fleti, katika mji ambao wasemaji wa Kiswahili wanahesabika kwa vidole, haiko sokoni hata kidogo. Sasa itajiuzaje? Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba historia ya ushairi wetu wenyewe inamkana. Hoja yangu, kwa ufupi, ni hii: katika fasihi ya Kiswahili mtunzi alipata wasomaji kwa kuwajibu watunzi wenziwe. Si kwa kila aina ya jibu, maana yako majibu ambayo hayakumfaa mtu yeyote. Jibu lilimletea wasomaji aliyejibu pale lilipomfaa kwanza yule aliyejibiwa.

Tuanze na Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyezaliwa kiasi cha mwaka 1776 na kufariki 1840. Wataalamu humsifu kwa kuutoa ushairi msikitini na kuuleta sokoni, na hapo neno "soko" linapata maana nyingine kabisa. Muyaka aliishi zama za Mazrui. Mombasa na Pate walikuwa upande mmoja, Lamu upande wa pili, na vita vya Shela vya kiasi cha mwaka 1812 vikaacha kidonda kirefu. Washairi nao walikuwa vitani kwa njia yao. Muyaka alitunga, Lamu wakajibu, akajibiwa naye akajibu tena. Hakukuwa na kiwanda cha chapa wala gazeti. Shairi lilisafiri kwa kichwa cha baharia au kwa karatasi iliyokunjwa.

Hebu tufikirie maana yake. Ili mtu wa Lamu amjibu Muyaka, ilibidi kwanza alijue shairi la Muyaka neno kwa neno. Tena ilibidi hadhira yake pale Lamu ilijue, kwani jibu halina utamu kwa asiyejua lilichojibu. Kwa hivyo adui mwenyewe ndiye aliyekuwa akimsambazia Muyaka mashairi yake! Hakuna mpiga debe aliyewahi kufanya kazi hiyo kwa uaminifu zaidi. Mashairi ya Muyaka yalibaki vichwani mwa watu, Mwalimu Sikujua akayakusanya na kuyaeleza kwa ajili ya Mwingereza W. E. Taylor, na mwaka 1940, miaka mia kamili baada ya mtunzi kufa, Hichens akayatoa kitabuni. Mohamed H. Abdulaziz akayarudia mwaka 1979 kwa maelezo marefu ya mazingira yake. Na kwa nini maelezo marefu? Kwa sababu mengi ya mashairi yale ni nusu ya mazungumzo. Ukiyasoma bila ya kujua nani alisema nini upande wa pili, ni kama kumsikiliza mtu anayezungumza kwa simu: unasikia anavyokasirika lakini hujui amekasirishwa na nini.

Kisiwani Pemba mambo yalikuwa hayo hayo. Mwaka 2011 kilitoka kitabu *Kale ya Washairi wa Pemba: Kamange na Sarahani*, kilichokusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy na kuhaririwa na Abdilatif Abdalla. Tazameni jina la kitabu. Watu wawili pamoja, kwa sababu ukimtaja mmoja mwenziwe anakuja mwenyewe. Kujibizana kumewafunga kamba moja, na mmoja akikumbukwa humvuta mwingine juu.

Halafu yakaja magazeti. *Mambo Leo* lilianza Tanganyika mwaka 1923, na ukurasa wa mashairi ukawa baraza la nchi nzima. Mtu yuko Tanga, mwingine Ujiji, mwingine Unguja, hawajapata kuonana, na wanabishana kwa beti: kipi bora, elimu au mali? Mke akimshinda mume kwa kipato, nani mkuu wa nyumba? Mtu alitoa swali, akaomba ajibiwe, na majibu yakaja toleo hadi toleo. Chini ya shairi kulikuwa na jina, lakabu na mji. Lakabu zile zilijulikana kuliko majina ya kuzaliwa.

Napenda tuangalie ufundi wake, maana hapa ndipo penye somo. Mlumbi alipojibu, mara nyingi alifuata bahari ile ile ya mwenziwe, na vina vyake, na mara nyingine aliuchukua hata mshororo wa mwisho na kuugeuza kidogo, neno moja au mawili, mpaka ukasema kinyume. Kwa nini ajifunge hivyo wakati vina viko vingi? Kwanza, ni adabu. Kuvaa vina vya mwenzio ni kukiri kwamba yeye ndiye aliyefungua baraza, wewe umekuja kukaa. Pili, ni ithibati kwamba umemsoma, kwani huwezi kugeuza mshororo ambao hukuuelewa. Tatu, na hili ndilo kubwa, ni daraja. Msomaji aliyekosa toleo la mwezi uliopita akiona kibwagizo kimegeuzwa anatamani kukijua cha asili, basi anakwenda kulitafuta gazeti la zamani. Na msomaji aliyempenda mtunzi wa kwanza analisoma jibu kwa sababu ni la bwana yule. Wasomaji wa huyu wakapita kwenda kwa yule, na wa yule wakapita kwenda kwa huyu. Kijana asiyejulikana, wa kituo kidogo cha reli, akimjibu mkongwe kwa hoja nzuri, mwezi ule ule nchi nzima imelijua jina lake. Kujitembeza kwa namna hiyo, sioni kibaya chake kiko wapi.

Saadani Kandoro, mmoja wa waliokuwa katika mkutano wa kuanzisha TANU mwaka 1954, alitoka katika ulimwengu huu wa magazeti na malumbano. Ukiisoma *Mashairi ya Saadani* ya mwaka 1972 unaona mtu anayetunga huku akiwasikia wenziwe. Hazungumzi na ukuta.

Sasa niseme upande wa pili, nisije nikadhaniwa nasifia kila kitu cha zamani. Kujibizana nako kuliwahi kuharibika, tena mara mbili, na kila mara kwa namna yake.

Mara ya kwanza ni ngonjera. Mathias Mnyampala, aliyefariki 1969, ndiye aliyeupa umbo huo jina na nguvu, na vitabu vya *Ngonjera za UKUTA* vikatoka baada ya kufa kwake, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wengi wetu tulisimama uwanjani shuleni tukazighani. Kwa macho, ngonjera ni majibizano: huyu anasema, yule anajibu. Lakini sikilizeni vizuri. Mmoja hajui, wa pili anajua. Asiyejua anabisha beti chache kwa ajili ya sura, kisha anakubali, na mwisho wote wanasifu pamoja. Mshindi alijulikana kabla ya beti la kwanza. Kwa kueleza siasa za Azimio la Arusha ilifaa, sikatai. Kama fasihi, ngonjera nyingi zilimuua mjibuji. Mtu aliyewekwa pale ili ashindwe si mwenzio, ni kivuli chako ulichokipa mdomo. Na hadhira inajua. Ndiyo maana tunayakumbuka mavazi na mwalimu aliyetufundisha, beti zenyewe hatuzikumbuki.

Mara ya pili ni ule mgogoro wa ushairi. Euphrase Kezilahabi alitoa *Kichomi* mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani. Hapo tayari kulikuwa na *Sheria za Kutunga Mashairi* za Amri Abedi, za mwaka 1954, ambazo kwa wengi zilikuwa kama msahafu. Kahigi na Mulokozi wakaja na *Malenga wa Bara* mwaka 1976 na *Kunga za Ushairi na Diwani Yetu* mwaka 1979, wakitetea kwamba umbo la kimapokeo si lango pekee. Upande wa pili ukajibu kwa nguvu, mpaka Jumanne Mayoka akakiita kitabu chake cha mwaka 1986 kwa jina la ugomvi wenyewe: *Mgogoro wa Ushairi*. Zaidi ya miaka kumi ya majibizano!

Mgogoro ule ulimfanyia nini Kezilahabi? Ulimfanya asomwe. Hata aliyetaka kumlaani ilimbidi awe na *Kichomi* mkononi. Alipofariki Januari 2020 hapakuwa na mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili asiyelijua jina hilo. Kwa upande huo, majibizano yalifanya kazi yake ile ile ya zama za Muyaka.

Lakini angalieni walichokijibu. Wapinzani wengi walijibu umbo. Walihesabu mizani, wakaona haitimii, wakafunga kitabu. Na watetezi nao mara nyingi walitetea haki ya kuandika vile, hawakutuonyesha shairi hili au lile linafanya nini hasa, picha yake inatoka wapi, kwa nini mstari umekatwa pale na si kwingine. Ukiuliza leo kuhusu mgogoro ule utapewa hoja zote za pande mbili kwa mpango, kama za mtihani. Ukiomba mtu akueleze shairi moja la *Kichomi* lililomgusa, kimya kinatanda. Jibu lilikuwa kubwa kuliko kazi iliyojibiwa. Hapo ndipo ninapoona kosa.

Kutokana na hayo mimi nina kipimo kimoja tu cha jibu, nacho ni chepesi: je, msomaji akimaliza kulisoma jibu, anataka kurudi kwenye kazi iliyojibiwa? Kama ndiyo, jibu limefaa, hata kama limeikosoa kazi ile bila huruma. Kama sivyo, limepita bure.

Tupime ya kwetu, sisi wa ughaibuni. Tunajibu namna gani?

Namna ya kwanza ni pongezi. "Hongera malenga!" "Umetisha ustadh!" "Kalamu yako isikauke!" Jamani, nani anayechukia kupongezwa? Lakini mkono mtupu haulambwi. Pongezi isiyotaja beti wala neno inaweza kubandikwa chini ya shairi lolote, la harusi au la msiba, na pale panapofaa kila kitu hapamfai mtu yeyote. Mbaya zaidi imekuwa biashara: nisifu nikusifu. Watu kumi wanasifiana kwa zamu na kila mmoja anadhani ana wasomaji kumi, kumbe ana wadai kumi.

Namna ya pili ni kujinadi. Mtu anaanza, "Shairi zuri, limenikumbusha diwani yangu..." na kutoka hapo hadi mwisho ni diwani yake, bei yake na inapopatikana. Huyu ndiye machinga hasa anayeogopwa na rafiki yetu, na hapo nakubaliana naye. Ukiingia barazani kwa watu ukatandika bidhaa zako kabla ya kusalimia, watakuangalia hivi hivi mpaka uondoke.

Namna ya tatu ni ya hakimu wa mizani. Amehesabu, ubeti wa nne mshororo wa pili una mizani kumi na saba. Ahsante, tumesikia. Sasa shairi linasema nini?

Na namna ya nne, wenzangu, ni ya wasomi, nayo inatuhusu sisi khasa. Tunajibu, tena kwa kina, ila kwa Kiingereza. Naelewa sababu. Mhadhiri aliyeko Marekani au Uingereza hupimwa kwa makala ambazo wakuu wake wanaweza kuzisoma, na watoto wanataka kula. Lakini matokeo yake yatazameni. Mtunzi wa Kiswahili anachambuliwa katika lugha ambayo pengine yeye na wasomaji wake hawaisomi kwa raha, katika jarida ambalo hawataliona. Ni jibu lililopelekwa anwani nyingine. Haliwezi kumletea msomaji, na wala haliwezi kumletea mchambuzi msomaji wa Kiswahili. Na si kwamba haiwezekani kufanya vingine. Farouk Topan alihariri *Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili*, mkusanyo wa kwanza mwaka 1971 na wa pili mwaka 1977, akatuonyesha kwamba uhakiki wa kisomi unakaa vizuri kabisa ndani ya Kiswahili. *Swahili Forum*, lililoanza Ujerumani mwaka 1994, limekuwa likipokea makala za Kiswahili. Mlango uko wazi, ila miguu yetu ndiyo mizito.

Chukueni mfano. Mwaka 2015 tuzo ya kwanza ya Mabati-Cornell ya ushairi ilimwendea Mohammed K. Ghassani, Mzanzibari aliyekuwa akiishi Ujerumani, kwa diwani yake *N'na Kwetu*. Tulimpongeza, na alistahiki. Lakini tulimjibu? Jina peke yake ni hoja inayodai jibu! Mtu anatangaza kwamba ana kwao. Aliyekaa Muscat au Toronto miaka thelathini, watoto wamezaliwa huko na wazazi wamezikwa nyumbani bila yeye kuwapo, je, naye anaweza kulisema neno hilo bila ya kusitasita? Zama za *Mambo Leo*, jina lile lingepata majibu ya mwaka mzima. Vivyo hivyo na *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka 2022 baada ya Nobeli ya 2021. Furaha niliisikia kila pembe. Lakini hapo pana maswali matamu kwa mtu wa pwani: watu wale ambao Gurnah aliwasemesha kwa Kiingereza, wanasemaje wanaporudishiwa lugha yao? Ni Kiswahili cha mji gani? Haya hayawezi kujibiwa kwa "hongera".

Nisije nikawa mganga asiyejiganga, na hiyo diwani ya rafiki yetu nimeisoma. Nusu yake ya kwanza ni mawaidha, na sitaficha kwamba ilinichosha. Ni mambo tuliyoyasikia kwa wazee, tena wao waliyasema vizuri zaidi. Nusu ya pili ni kitu kingine. Yale mashairi ya kazi za usiku, mtu anasafisha ofisi za watu ambao hajapata kuwaona, anawajua kwa vikombe vyao tu, sijayaona kwa mtunzi mwingine. Angeanza na hayo. Ila nambishia shairi lake la mtoto aliyezaliwa huku asiyejua Kiswahili. Anamwita aliyepotea. Mimi nasema mtoto hakupotea, yuko pale pale alipowekwa. Aliyeondoka ni mzazi aliyeona haya kusema naye lugha yake mbele ya walimu wa shule. Rafiki yangu, nijibu hapo, na kama una ubeti wa kunishinda utoe. Na nyinyi wengine itafuteni diwani muone nani kati yetu ana haki.

Basi anayetaka wasomaji, ushauri wangu ni huu, na si mrefu.

Kwanza, soma kazi ya mwenzio mpaka mwisho kabla hujafungua mdomo. Watu wanajua aliyesoma na aliyepepesa macho.

Pili, usijibu kila kitu. Jibu pale ulipo na neno. Majibu matatu kwa mwaka yenye uzito yatakujengea jina kuliko mia ya kupita njia.

Tatu, usiwajibu wakubwa tu. Kumjibu aliyekwisha kujulikana peke yake ni kujipendekeza, na wasomaji wanaona. Mjibu na kijana wa Mtwara au wa Bukavu ambaye hajapata hata jibu moja. Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota, na huko ndiko kwenye vya kuokota.

Nne, anza na chake na umalize na chake. Chako kisimamie nyuma. Jibu likiwa zuri, msomaji atauliza mwenyewe: huyu aliyesema haya ni nani, na ameandika nini? Swali hilo ukilipata, umempata msomaji, naye hatakutoka upesi, kwa sababu hakununuliwa.

Tano, ukijibiwa, jibu. Hapa ndipo tunapoanguka wengi. Tunachukulia ukosoaji kama tusi, tunanyamaza kwa hasira, na baraza linavunjika kabla chai haijachemka. Muyaka hakuwanyamazia Lamu, na wao hawakumnyamazia. Walikuwa maadui wa kweli wenye maiti baina yao, na bado walisomana kwa makini kuliko tunavyosomana sisi marafiki.

Fasihi isiyojibiwa haifi kwa kelele. Vitabu vinaendelea kutoka, tuzo zinaendelea kutolewa, picha zinapigwa, na kila mtunzi amekaa na maboksi yake akingoja kizuri kijiuze. Kisha siku moja mtu anauliza Kiswahili cha wakati wetu kilikuwa kinabishania nini, na hakuna wa kumwambia, kwa sababu tulikuwa tunapongezana.

Naomba kuwasilisha. Anayebisha abishe, ila anijibu kwa hoja.